Miezi saba na redio ya muziki wa klasiki: wananikatia katikati

Ninaimba besi katika kwaya ya Kilutheri hapa Moshi. Muziki wa klasiki niliupendea kanisani, tulipojifunza "Haleluya" ya Handel kwa solfa. Tangu nipate simu nzuri, kila usiku nikishafunga duka husikiliza kituo kimoja cha nje kwa intaneti, na huu ni mwezi wa saba.

Upande wa bando sina neno. Kwa kbps 128 (kiwango cha ubora wa sauti) inakula kama MB 58 kwa saa, na haikwamikwami.

Kinachoniumiza ni jinsi wanavyopanga vipindi. Juzi walitangaza konserto ya fidla ya Mendelssohn, yaani kazi ya fidla moja ikisindikizwa na okestra, nikaacha hesabu za duka nikakaa kusikiliza. Kazi hiyo, iliyopigwa mara ya kwanza Leipzig mwaka 1845, ina sehemu tatu zilizounganishwa kwa makusudi. Sehemu ya kwanza inaisha kwa kishindo, okestra inanyamaza, basuni, ile zumari kubwa ya sauti nzito, peke yake inabaki imeshikilia noti moja. Noti hiyo ndiyo inayokuvusha hadi sehemu ya pili, ile ya polepole. Basi ni hapo hapo walipofifisha sauti! Ikaingia sauti ya kurekodiwa ikisema huu ni muziki wa kutuliza akili, halafu tangazo la bima. Nilijiona nimepokonywa tonge mdomoni. Mendelssohn hakuandika dawa ya usingizi.

Simfoni ya tano ya Beethoven wanaipiga nzima siku moja moja, ila wanabana sauti, yaani pa chini na pa juu wanapasawazisha. Mwishoni mwa sehemu ya tatu timpani, zile ngoma kubwa za okestra, hugonga taratibu sana, kwa muda mrefu, mpaka matrombone yanapoingia na sehemu ya nne inalipuka bila kusimama. Kwao vyote vina kimo kimoja, kama mtu anayesoma orodha ya bei. Nilipoisikia kwenye rekodi ya rafiki yangu nilishtuka kuwa ni muziki ule ule.

Na hiyo "Haleluya" yenyewe wanaichomoa Desemba tu, wakati Handel aliiweka kufunga sehemu ya pili ya "Messiah", kazi yake ndefu ya kwaya na okestra kuhusu Kristo, baada ya mateso, kifo na ufufuko. Ikiisha, mtangazaji anasema "huyo alikuwa Handel" na kuendelea. Kwaya gani? Nani aliongoza? Sisi tulihangaika na zile sauti nne miezi miwili, kwa hiyo najua waliofanya kazi ile wanastahili angalau kutajwa.

Jumapili usiku wanarusha tamasha zima moja kwa moja kutoka ukumbini, pamoja na kile kimya kifupi kabla ya makofi. Hilo nalipenda kwa moyo wote, na ndilo linalofanya nisiifute programu yao. Nawapa nyota mbili kati ya tano. Nimewaandikia mara mbili kuhusu ile basuni, bado nangoja jibu.