Uzoefu wangu: mbwa anayejikuna mwaka mzima, na yule daktari wa sindano

"Mama yangu, mbwa mwenyewe huyu wa kienyeji, unamhangaikia hivyo?"

Hayo ni maneno ya daktari wa mifugo niliyemlipa sh 35,000, tena si mara moja. Mara nne! Aliyasema macho yako kwenye simu, anaangalia mpira, na Popi wangu kasimama juu ya meza ya bati anatetemeka, mgongo mwekundu kama nyanya iliyomenywa. Jina la kliniki silitaji. Ila nikipita pale na bodaboda huwa nageuza uso upande wa pili.

Popi ni jike, nilimwokota akiwa kidogo nyuma ya soko huku kwetu Kimara, Dar. Shida yake ilianza masika moja, mwaka juzi au kabla ya hapo. Anajikuna, anajing'ata kiunoni mpaka kwenye shina la mkia, manyoya yananyonyoka, ngozi inabaki nyeusi na ngumu kama ya tembo. Usiku ndiyo balaa. Umelala, unasikia kucha zinagonga sakafu ya baraza, tk tk tk tk, mpaka adhana ya alfajiri. Na ile harufu! Dagaa waliosahaulika kwenye ndoo yenye kifuniko wana nafuu.

Kabla ya daktari nilipita kote wanakopita wengine. Fundi pikipiki wa pale kona alinipa chupa ya oili chafu, akaniapia kwamba mbwa wa baba yake alipona nayo. Sikumpaka, na namshukuru Mungu, kwa sababu mbwa hujilamba, na ile oili ni sumu kwa ini na figo. Mafuta ya nazi nilimpaka. Akayalamba yote, kisha akanifuata jikoni kudai mengine.

Ndipo nikaenda kwa huyo bwana. Niseme ukweli, sindano ya kwanza ilikuwa kama muujiza. Popi alilala usiku mzima, na mimi nikamtangaza daktari mtaa mzima, nikawapeleka hata majirani wawili. Kweli alianza kunywa maji ndoo nzima na kukojoa baraza zima, akala ugali wake na wa kuku, lakini nilijiambia huyo ndiyo anapona. Baada ya kama wiki tatu, tk tk tk tk. Nikarudi, sindano. Nikarudi tena, sindano. Mara ya tatu nikauliza, "Dokta, kwani huyu anaumwa nini hasa?"

"Aleji."

"Aleji ya nini?"

"Aleji tu, mama."

Hakupekua hata unyoya mmoja, hakukwangua ngozi. Na hadubini anayo, nimeiona mwenyewe kwenye kabati la kioo, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi! Mara ya nne ndiyo akaniambia hayo ya mbwa wa kienyeji, na nilipokuwa nafungua pochi akamalizia, "Halafu huko kwenu fagieni banda." Nililipa nikaondoka nimenuna, na nikaapa kwamba banda silifagii ng'o.

Aliyenisaidia ni kijana aliyekuwa ametoka kumaliza udaktari wa mifugo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, alipita mtaani na pikipiki kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Alinipa shikamoo kwanza. Kisha akachuchumaa pale chini kwenye mchanga, akamwacha Popi amnuse mpaka aridhike, ndipo akaniomba chanuo la chawa na tishu. Chanuo sina. Jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye mbwa hamsogelei hata kwa dawa, alisikia akiwa ukutani kwake, akanirushia la kwake juu ya ua: "Chukua, na usinirudishie!"

Kijana akachana kiunoni. Vikadondoka vipunje vyeusi kama pilipili manga. Nikamwambia huo ni mchanga, hapa kwetu mchanga mtupu. Hakunibishia. Akavikung'utia juu ya tishu, akadondoshea maji, tukakaa tunaangalia. Kila kipunje kikaanza kutoa duara la wekundu wa kutu, kimoja baada ya kingine, mpaka tishu ikawa kama imefutia kidonda.

"Mama, mchanga hautoi damu. Hiki ni kinyesi cha kiroboto."

Nilikaa kwenye kizingiti. Sh 140,000 zimekwenda, na kipimo chenyewe ni tishu ya chooni!

Akanieleza kwamba mbwa wengine wana aleji na mate ya kiroboto, na kwao wakiuma wachache tu inatosha mwili mzima kuwaka. Kuwaona si rahisi, maana mbwa anawameza akijing'ata. Mahali penyewe, kiunoni na kwenye mkia, ndiyo dalili. Zile sindano, kwa jinsi nilivyomsimulia zile ndoo za maji, alidhani zilikuwa steroidi. Zinazima mwasho ila kiroboto haziui, na zikirudiwarudiwa kinga inashuka, bakteria na fangasi wanajipatia makazi kwenye ngozi iliyochubuka. Ndiyo ile harufu. Alimkwangua ngozi kwa wembe vilevile, asije akawa na upele wa utitiri, ambao una matibabu yake mengine. Jioni akanipigia: utitiri hakuna.

Sasa dawa, kwa wenye mfuko kama wangu. Shampuu ya klorheksidini, dawa inayoua bakteria na fangasi wa ngozi, ndiyo ninayoisifu kuliko zote, lakini wengi wanamwagia na kusuuza papo hapo, halafu wanasema haifanyi kazi. Povu linatakiwa likae dakika 10, kwa saa. Jaribu kumshika mbwa mwenye povu dakika 10. Mimi namwimbia. Mwezi wa kwanza nilimwogesha mara mbili kwa wiki, siku hizi mara moja. Chanuo kila jioni, na bakuli la maji ya sabuni pembeni la kuwazamisha. Kidonge cha viroboto cha wiki 12 kilinitoa macho kwa bei, karibu sindano mbili za yule bwana, ila mwasho ulianza kupungua ndani ya wiki ile ile. Na tafadhali, ile ivermektini ya ng'ombe, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, msimdunge mbwa wenyewe kwa kukisia, kipimo chake kwa mbwa ni kidogo sana, na mbwa wa jamii ya Collie inaweza kuwaua.

Lakini kijana alinipa na hili, na hapo ndipo hasira yangu inapoyumba. Viroboto unaowakuta mwilini ni kama 5 tu katika kila 100. Wengine ni mayai na watoto, wako kwenye mchanga, kwenye gunia analolalia, kwenye nyufa za banda, na walio ndani ya vifuko vyao hata dawa ya kupulizia hawaisikii. Wanasubiri. Kwa hiyo gunia lichemshwe, lianikwe juani, na banda lifagiwe.

Lifagiwe! Yule bwana alikuwa sahihi. Neno moja la maana alilolisema katika ziara nne ndilo hilo, na mimi kwa kununa nililipuuza miezi mingi, Popi anateseka. Nilikusudia kumpa nyota moja. Basi nimpe mbili.

Hapana, irudi moja. Angesema "fagia, mama, viroboto wanazaliana humo," ningefagia siku ile ile. Yeye alilisema kama tusi, na bila kuangalia hata unyoya atajuaje kama ni viroboto? Alibahatisha. Au alijua, akaona sindano inalipa zaidi. Sijui kipi kinaniuma zaidi.

Popi manyoya yameota, isipokuwa kiraka kimoja juu ya mkia. Hajapona moja kwa moja, kijana alishaniambia aleji ya hivi ni ya kuishi nayo, tena kwa joto la Dar viroboto hawana likizo. Na kuna paka wa jirani anayelala juu ya paa la banda mchana, viroboto wa paka ndio hao hao wa mbwa. Kumpulizia siwezi, zile dawa za mbwa zenye permethrini zinaua paka.

Naandika haya saa nne usiku, na sasa hivi nimesikia kucha barazani. Mara moja tu. Tena. Ngoja nikachukue tishu.