Nyota tatu kwa mtoano wa NBA. Ya nne wataipata wakivunja ukuta wa Mashariki na Magharibi

Nianze na hukumu kwa wasio na muda: mtoano wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ni bidhaa nzuri, unastahili hela yako na usingizi wako, ila umepangwa vibaya. Mara nyingi mechi bora za mwaka zinakuwa zimeshachezwa kabla fainali haijafika, na wa kulaumiwa si wachezaji wala makocha. Ni mstari uliochorwa kwenye ramani ya Marekani.

Mimi ni mama wa maandazi, Kinondoni. Saa nane usiku nimeshaamka nakanda, simu nimeiegemeza kwenye kopo la hamira, bando nimeunga tangu jioni. Ujanani nilicheza kikapu kwenye zege la Don Bosco Upanga, mlinzi mfupi mwenye mdomo, kwa hiyo mchezo huu naujua kwa magoti, si kwa kusimuliwa. Kifurushi cha kutazama mechi nakilipia mwenyewe kwa hela ya maandazi, ndiyo maana najiona nina haki ya kuandika haya.

Saa za huduma kwanza. Mechi za miji ya Mashariki huanza kwetu saa nane au nane na nusu usiku. Fainali ni saa tisa na nusu. Za pwani ya Magharibi zinaweza kuanza saa kumi na moja alfajiri, mafuta yameshachemka na wateja wa kwanza wanagonga meza. Yaani mechi tamu zaidi ndizo zinazonikuta na unga mikononi. Hilo siwadai, dunia ni ya mviringo. Ninalowadai ni jingine.

Kwa mgeni wa mchezo: timu ziko 30, kumi na tano kanda ya Mashariki, kumi na tano Magharibi, na kila moja inacheza mechi 82. Nane za kila kanda zinaingia mtoano, na kuanzia msimu wa 2020–21 walioshika nafasi ya saba mpaka ya kumi wanagombea kwanza nafasi mbili za mwisho. Kisha kila kanda inakulana yenyewe kwa yenyewe raundi tatu, mechi saba saba, wa kwanza kushinda nne anasonga. Anayebaki Mashariki na anayebaki Magharibi ndio wanaoonana fainali. Hata kama timu mbili bora duniani zote ni za upande mmoja, lazima moja iage kabla.

Chukua 2018. Houston Rockets walimaliza msimu na ushindi 65, hakuna aliyewafikia. Golden State Warriors walikuwa na 58. Wakakutanishwa fainali ya Magharibi. Houston wakaongoza tatu kwa mbili, Chris Paul wao akaumia msuli wa nyuma ya paja, Golden State wakasawazisha, na kwenye mechi ya saba Houston wakarusha mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo bila hata mmoja kuingia. Mpaka leo nikiiona 27 kwenye risiti ya unga nashtuka. Ile ndiyo ilikuwa fainali, kila aliyekesha alijua. Iliyofuata, yenye jina la fainali na kombe mezani, Golden State waliwachapa Cleveland nne bila. Cleveland hawakuokota nafasi ile, walimtoa Boston kwa mechi saba, na LeBron alibeba timu mgongoni mpaka ikatia huruma. Lakini walikuwa na ushindi 50 tu, na mtazamaji aliyelipia fainali alipewa mechi nne ambazo mwisho wake ulijulikana.

Wenye umri wangu wanakumbuka 2002 vilevile. Lakers na Sacramento Kings, mechi saba, ya saba ikaingia muda wa nyongeza. Lakers wakapita, wakaenda kuwafagia New Jersey Nets nne bila, na watu wengi sasa hivi ukiwauliza fainali ile ilikuwaje wanakusimulia ya Sacramento.

Upande wa pili wa tatizo ni wanaoachwa nje. Mwaka 2008 Golden State walishinda mechi 48 wakabaki nyumbani, huku Atlanta Hawks wakiingia kwa ushindi 37. Mwaka 2014 Phoenix Suns nao walishinda 48, nao wakaachwa, na aliyeingia kwa ushindi 38 upande wa Mashariki ni nani? Atlanta tena. Sina ugomvi na Atlanta, tena ile ya 2008 iliisukuma Boston mpaka mechi ya saba, Boston hiyohiyo iliyobeba kombe. Ila mlangoni walipita kwa sababu ya anwani.

Mtasema hayo ya zamani. Haya, 2025. Miami Heat walishika nafasi ya kumi Mashariki, wameshinda 37 na kupoteza 45, wakapenya. Cleveland wakawafunga nne bila, na ukijumlisha tofauti ya pointi kwenye mechi zote nne unapata 122, kubwa kuliko mfululizo wowote katika historia ya ligi. Mechi ya mwisho nilizima simu nikaendelea na kazi. Wakati huohuo Magharibi, Denver Nuggets na Los Angeles Clippers, ushindi 50 kila mmoja, wanatoana macho raundi ya kwanza tu. Mechi ya nne Aaron Gordon wa Denver aliuwahi mpira hewani na kuusindika kengele ikilia, 101 kwa 99. Denver walipita kwenye mechi ya saba. Timu mbili za namna hiyo, moja imeshafunga virago kabla ya mwezi wa tano kuchangamka.

Dawa inayotajwa sana ni kufuta kanda kabisa: panga timu kuanzia ya kwanza mpaka ya kumi na sita kwa ushindi, wa kwanza acheze na wa mwisho. Linavutia masikioni, lakini mimi siliungi mkono, kwa sababu ya hesabu. Timu inacheza mechi 52 dhidi ya wenzake wa kanda yake na 30 tu dhidi ya kanda nyingine. Ushindi 44 uliotafutwa Magharibi na ushindi 44 uliotafutwa Mashariki havikupimwa kwa mizani moja. Ukitaka orodha moja ya haki inabidi ubadilishe ratiba ya msimu mzima, na hapo unagusa safari, televisheni na mikataba. Halafu faida yenyewe ndogo. Nimeipanga 2025 namna hiyo: timu inayotoka ni Miami peke yake, nafasi yake inachukuliwa na Atlanta au Sacramento wenye ushindi 40. Kwa ajili ya hilo tu uvunje nyumba?

Ninachotaka ni kidogo zaidi. Raundi mbili za kwanza ziacheni kama zilivyo, majirani wachapane, chuki za zamani ziendelee. Zikibaki timu nne, sahau kanda: mwenye ushindi mwingi acheze na mwenye ushindi mchache, wawili wa katikati wacheze wao. Hapo ushindi hautumiki kumfukuza mtu, unaamua tu nani akutane na nani, kwa hiyo ile kasoro ya ratiba hainisumbui. Si wazo langu, mwishoni mwa 2019 lilikuwa mezani kwenye mazungumzo ya ligi na timu, kisha likawekwa kando.

Nimelijaribu kwa miaka iliyopita, nyuma ya daftari la madeni. Mwaka 2018: Houston dhidi ya Cleveland, Golden State dhidi ya Boston, na Houston na Golden State wanaweza kukutana pale wanapostahili. Mwaka 2002 Sacramento wangecheza na Boston, Lakers na Nets. Mwaka 2023 Boston wangecheza na Lakers, timu ambazo zimekutana fainali mara 12. Sasa angalia hii: 2016, 2024 na 2025 hakuna kinachobadilika. Nne zile zile zinakutana vilevile kama ilivyokuwa. Mwaka 2025 Thunder wa Oklahoma City na Minnesota, Knicks wa New York na Pacers wa Indiana, na ile fainali ya mechi saba kati ya Thunder na Pacers inabaki mahali pake. Kwa hiyo wanaosema tutaua mila, mila ipi? Miaka mingine hata hutajua sheria imebadilika.

Gharama ipo, sitaificha. Mwaka 2019 Toronto na Golden State wangekutana nusu fainali badala ya fainali, na lile shangwe la Wakanada lingesubiri mechi nyingine. Hiyo naikubali.

Hoja ya safari ndiyo inayotolewa kila mara, na Kamishna Adam Silver mwenyewe amekuwa akiirudia. Miami na Portland ni zaidi ya kilomita 4,000, kweli mbali. Lakini New Orleans na Portland ni zaidi ya kilomita 3,000, na walikutana raundi ya kwanza 2018 kwa sababu eti wote ni wa Magharibi. Minneapolis mpaka Milwaukee kwa ndege hakufiki kilomita 500, na hao hawawezi kuonana mpaka fainali. Tena ligi hiyohiyo, mwaka 2014, iliachana kwa hiari na mpango wa fainali wa mbili-tatu-mbili (mechi mbili kwa mmoja, tatu kwa mwenzake, mbili tena kwa wa kwanza) uliowekwa 1985 ili kupunguza safari, ikarudi kwenye kuhamahama. Waliona ndege si tatizo walipotaka. Kwa timu nne tu za mwisho, zenye ndege za kukodi, hoja hiyo kwangu haina uzito.

Na mwenye duka amekwisha kuuza bidhaa hii kwenye meza nyingine. Ligi ya wanawake, WNBA, iliondoa kanda kwenye mtoano mwaka 2016. Mwaka huohuo Minnesota Lynx na Los Angeles Sparks, zote za Magharibi, zilimaliza za kwanza na za pili, zikafika fainali, zikacheza mechi tano. Ya tano iliamuliwa na Nneka Ogwumike wa Sparks kwa mpira wa kudokoa chini ya kikapu sekunde za mwisho, 77 kwa 76. Mwaka uliofuata zikarudiana, tano tena, safari hii Minnesota wakachukua. Chini ya utaratibu wa zamani zote mbili zingemalizana kabla ya fainali. Dada zetu walionyesha njia, kaka wanajifanya hawajaona. Hata huku Afrika, BAL, ligi ya kikapu ya bara letu ambayo NBA inaiendesha pamoja na FIBA, shirikisho la kikapu duniani, msimu wa 2025 ilitumia kanda za Nile, Sahara na Kalahari kwenye hatua ya makundi. Zilipofika mtoano timu zilichanganywa.

Kijana wa bodaboda anayekunywa chai kwangu ni Lakers wa damu, na hakubaliani.

"Shikamoo mama. Hizo hesabu zako zitatuua."

"Marahaba. Kivipi?"

"Mwaka 2023 ungetupeleka kwa Boston."

"Kwani Denver waliwafanya nini?"

Akanyamaza, akaomba andazi jingine. Nne bila, kwa asiyekumbuka.

Mimi mwenyewe nimeegemea Magharibi tangu Hasheem Thabeet wetu alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, kwa hiyo msidhani natetea upande. Na hapo Memphis penyewe! Mji umekaa ukingo wa mashariki wa mto Mississippi, timu inahesabiwa Magharibi kwa sababu ilihamia kutoka Vancouver mwaka 2001. Charlotte ilipopata timu mpya 2004, New Orleans wakasogezwa Magharibi ili idadi ilingane. Ukishajua hayo, unashindwa kuuheshimu mstari huu kama vile uliteremshwa. Seattle na Las Vegas zinatajwa kupewa timu, zote ziko magharibi kabisa, na siku hiyo ikifika lazima mtu ahamishwe Mashariki. Minnesota, Memphis na New Orleans waanze kuangalia mizigo yao.

Kwa anayetaka kununua mwaka huu utaratibu ukiwa huu huu: bando lako la raundi ya kwanza liweke Magharibi, hasa mfululizo wa nafasi ya nne na ya tano. Mashariki, mechi za namba moja na namba nane soma matokeo asubuhi, rudi nao raundi ya pili. Fainali za kanda tazama zote mbili, usilale. Fainali kubwa subiri mechi mbili za kwanza. Ikiwa moja moja, unga bando la wiki nzima, na maandazi yangu yanakuwa tayari saa kumi na mbili.