Tiketi ya ndege ya kimataifa: lini uikate, na ada zipi uzikague kabla hujalipa

Imani ya kwamba tiketi ikikatwa Jumanne usiku huwa nafuu nimeifuata kwa miaka, na sijaona faida yake. Bei hubadilika mara kadhaa kwa siku moja, na haibadilishwi na kalenda bali na mafungu. Viti vya daraja la kawaida, ambavyo kwa macho vinafanana vyote, vimegawanywa katika mafungu yenye herufi, na kila herufi ina nauli yake na masharti yake. Fungu la bei nafuu likiisha, mfumo unahamia fungu linalofuata. Ndiyo maana abiria wawili waliogusana viwiko safari nzima wanaweza kuwa wamelipa bei mbili tofauti kabisa.

Jambo hili lina faida ya papo hapo kwa anayesafiri na familia. Ukitafuta viti vinne na fungu nafuu limebakiza viwili tu, mifumo mingi hukupa vyote vinne kwa bei ya juu. Tafuta kwanza kiti kimoja, kisha viwili, uone bei inaruka wapi. Ukiamua kugawa manunuzi mara mbili, jua kwamba ndege ikifutwa mtakuwa watu wasiohusiana machoni pa mfumo.

Sasa, lini? Nazipanga nyakati kwa jinsi ninavyoziamini.

Ya kwanza ni kati ya miezi miwili na mitano kabla ya safari. Ratiba imeshatulia, mafungu nafuu bado yapo, na una muda wa kuangalia bei ikipanda na kushuka. Weka arifa ya bei (ujumbe unaotumiwa bei ikibadilika) kwenye mtandao wa kulinganisha nauli, uangalie kwa wiki mbili au tatu, halafu ukiona bei iliyo chini ya ile uliyoizoea, kata. Usiisubiri ishuke tena.

Ya pili ni miezi sita au zaidi. Kampuni nyingi hufungua mauzo kama miezi kumi na moja kabla ya siku ya kuruka. Kwa Desemba, au Julai na Agosti, kuwahi namna hii kuna maana kwa sababu viti nafuu huondoka vya kwanza. Kwa Februari au mwezi mwingine uliopoa, unajifungia tu pesa, tena kwa ratiba ambayo huenda ikabadilishwa mara mbili kabla hujasafiri.

Ya tatu ni ofa za ghafla. Nzuri kwa mtu ambaye tarehe zake zinapinda. Anayekwenda kwenye harusi ya siku maalumu asizitegemee, maana viti huwa vichache na tarehe huchaguliwa na muuzaji.

Ya mwisho kabisa ni wiki mbili za mwisho. Wapo wanaosubiri wakidhani ndege itaondoka na viti vitupu kwa hiyo bei itashuka. Nauli nyingi nafuu zina sharti la kununuliwa siku 21, 14 au 7 kabla ya safari. Siku hiyo ikipita, nauli yenyewe haipo tena hata kama nusu ya ndege haina watu. Anayenunua dakika za mwisho kwa kawaida ni mfanyabiashara au mtu aliyefiwa, na kampuni zinajua kwamba hao hawana namna.

Kwa wanaoruka kwenda au kutoka Marekani kuna nafuu moja: ukinunua moja kwa moja kwa kampuni ya ndege siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka, sheria inaitaka ikuruhusu kufuta ndani ya saa 24 na kurudishiwa pesa zote, au ikushikilie bei kwa muda huo bila malipo. Mimi hukata kwanza, kisha naendelea kutafuta usiku ule ule.

Tuje kwenye ada, ambako ndiko watu wengi huumia. Fungua mchanganuo wa bei ya tiketi yako. Utaona nauli yenyewe, kisha safu ya herufi mbili mbili. YQ na YR ni tozo za kampuni ya ndege yenyewe, ambazo mara nyingi huitwa za mafuta. Hizo si kodi, hata zikiandikwa kwenye kundi la kodi. Zinazobaki ni za serikali na viwanja vya ndege. Uingereza, kwa mfano, inatoza ushuru wa abiria wanaoanzia safari kwake tangu 1994, na kiasi hupanda kwa umbali na daraja unalokalia. Ufaransa ilianzisha tozo yake ya mshikamano mwaka 2006.

Kwa nini ujisumbue na herufi? Kwa sababu punguzo mara nyingi hugusa nauli tu. Tuseme tiketi nzima ni 100: nauli 40, YQ 35, kodi 25. Tangazo likisema nusu bei juu ya nauli, unalipa 80, si 50. Hali ni hiyo hiyo kwa tiketi ya “bure” inayolipiwa kwa pointi ulizokusanya: nauli imeondoka, YQ mara nyingi imebaki imekaa pale pale. Na ukishindwa kusafiri kwa tiketi isiyorudishwa, uliza kodi za uwanja. Mara nyingi hudaiwa zikarudi, lakini futa safari kabla ndege haijaondoka. Usipotokea kwenye kipande cha kwanza cha safari, vipande vilivyobaki, pamoja na kurudi, kwa kawaida hufutwa.

Mzigo nao. Tiketi za chini kabisa siku hizi hazina begi la kupakiwa, na mkononi unaweza kuruhusiwa kilo 7 tu. Begi la kilo 23 likinunuliwa mtandaoni mapema huwa nafuu kuliko kaunta ya uwanja. Linganisha kampuni mbili baada ya kuweka begi, kiti na njia ya kulipa, si kabla. Rahisi huvunja upishi. Na ukurasa wa malipo ukikuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya nyumbani, kataa: kiwango hicho cha kubadilisha kimewekwa na muuzaji. Iache benki yako ibadilishe, huku ukijua kwamba nayo mara nyingi inachukua asilimia 1 hadi 3.

Wapi pa kununua? Kwa safari ya kwenda na kurudi, tovuti ya kampuni yenyewe inaongoza. Wakala wa tiketi mwenye ofisi na simu inayopokelewa ni wa pili, na huwa wa kwanza safari ikipita nchi tatu au nne. Tovuti za bei chee nazitumia kutazama tu. Zina ada yao ya kubadili tarehe juu ya ile ya ndege, na ndege ikifutwa kampuni inakuambia urudi kwa aliyekuuzia.

Wakati mmoja tovuti ya namna hiyo iliniunganishia tiketi mbili zisizojuana. Ndege ya kwanza ilichelewa saa tatu. Ya pili iliondoka bila mimi, na mtu wa kaunta akaniambia kwa upole kwamba kwao mimi ni abiria ambaye hakutokea. Nikanunua tiketi mpya pale pale, kwa bei ya wale wasio na namna.

Ukishalipa, angalia barua pepe uliyotumiwa. Msimbo wa alama sita, mchanganyiko wa herufi na namba, ni nafasi tu uliyoshikiwa. Tiketi iliyotolewa ina namba ya tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za kampuni iliyoitoa. Usipoiona baada ya siku moja, mpigie muuzaji.