Mafunzo ya sheria na usimamizi wa asasi, Morogoro: ada yake ni halali

Mimi ni mhazini wa kikundi cha wazazi wenye watoto wenye ulemavu hapa Morogoro. Tumesajiliwa kama asasi isiyo ya kiserikali, na kila ukifika msimu wa ripoti tunatoka jasho. Nililipa elfu themanini, chai na chakula ndani, nikitaka kujua kujaza fomu tu.

Mkufunzi wa siku ya kwanza, mzee mstaafu wa maendeleo ya jamii, hakuzigusa fomu mpaka baada ya chakula cha mchana. Alibandika karatasi kubwa ukutani, akapiga mstari kwa kalamu nyekundu, akaandika 1967, Azimio la Arusha. Mbele yake akaandika 1969, akatusimulia habari za Litowa, kule Songea. Wanakijiji wa pale na majirani zao waliungana kwa hiari yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakalima pamoja na kuendesha shule yao, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akawaunga mkono. Walikuwa wanauishi ujamaa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikauvunja umoja wao, kwa sababu walijiamulia mambo nje ya mkono wa chama. Ukumbi ulinyamaza. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Sasa kosa lao nini, mzee?"

Kuanzia hapo mstari ulieleweka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali. Wanawake walikuwa na UWT, wazazi na jumuiya yao, wafanyakazi na JUWATA, zote chini ya chama. Hazina ilipokauka na masharti ya IMF yakaingia mwaka 1986, huduma za afya na elimu zikapwaya, wafadhili wakaanza kutafuta asasi za kufanya nazo kazi, nazo zikachipuka kila kona. Ila sheria iliyosimamia vyama ilikuwa bado ile ya mkoloni ya 1954, na BAWATA, baraza la wanawake, likafutiwa usajili mwaka 1997 kwa tuhuma za kufanya siasa. Sheria yetu wenyewe ya asasi ikapitishwa 2002, ikarekebishwa 2019, na cheti sasa kina ukomo wa miaka 10.

Kwangu hapo ndipo penye thamani ya mafunzo haya. Nikisoma leo masharti ya kutangaza fedha za wafadhili, naona mambo mawili yamekaa pamoja: uwazi, ambao wanachama wetu wana haki nao kabisa, na ule wasiwasi wa zamani kwamba watu wakijikusanya wenyewe lazima pana jambo. Ukivitenganisha hivyo viwili, unajua nini cha kutii kwa moyo mweupe na nini cha kukidai kibadilishwe.

Siku ya pili ilikuwa ya vitabu vya fedha. Tulipewa risiti na hati za malipo halisi, tukaziingiza kwenye daftari mpaka hesabu ikakubali. Safi sana. Kodi ndiyo iliyoonewa: mkufunzi alisoma slaidi harakaharaka, na maswali yetu kuhusu msamaha wa kodi yakabaki mezani. Iongezewe nusu siku.

Na tafadhali, yapelekeni Kilosa na Mahenge. Vikundi vya huko vinabanwa na masharti yaleyale, na nauli ya kuja mjini ni mtihani.