Uzoefu wangu: makumbusho ya historia ya kemia, Philadelphia

Nilifundisha kemia sekondari kabla sijahamia huku Marekani, kwa hiyo shemeji aliponiambia Philadelphia kuna makumbusho ya kemia na kiingilio ni bure, sikulaza damu. Yapo mtaa wa Chestnut, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Independence Hall. Wenyewe wanajiita Science History Institute. Walianza mwaka 1982 kama kituo cha historia ya kemia pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Kilichonisimamisha kwanza ni kipima pH (yaani kipimo cha ukali wa asidi au besi) cha mkemia Arnold Beckman, kisanduku cha mbao cha miaka ya 1930. Mimi pH nimeifundisha kwa karatasi za litimasi, zile zinazobadilika rangi kwenye asidi na besi, zilizokatwa vipande ili zitoshe darasa, na sikujua kwamba kifaa hiki kimezaliwa na malimau. Wenye juisi ya limau huko California walikuwa wakiitia dioksidi ya salfa isiharibike, nayo inafuta rangi ya litimasi. Ndipo Beckman akatafuta namna ya kupima kwa umeme. Ningejua hivyo wakati ule, somo la asidi na besi lingenoga!

Kuna pia michoro ya karne ya 17 ya wanaalkemia, wale waliotafuta kugeuza madini kuwa dhahabu: moshi, vyungu vilivyopasuka, bwana kainamia tanuri. Kwa macho yangu, familia pembeni inawaza pesa ya unga iliyoishia kwenye makaa.

Lakini nyota tano nazitoa kwa hifadhi yao ya picha mtandaoni, ambayo hata aliyeko Tanga anaifungua bila kulipa. Humo mna picha za nailoni zilizotunzwa na Joseph Labovsky, aliyefanya kazi kampuni ya kemikali ya DuPont na kundi la mkemia Wallace Carothers, waliotengeneza nailoni mwaka 1935. Moja inaonyesha mguu wa kike mkubwa kama nyumba, umesimamishwa Los Angeles kutangaza soksi.

Nilikaa na picha ile muda mrefu. Babu yangu alikuja Muheza kama manamba, kibarua wa mashambani, akakata mkonge hadi korona, mtambo wa kusindika mkonge, ikafungwa. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa, nyuzi za mkonge za kusokotea kamba. Halafu zikaja kamba za plastiki na bei ikaanguka. Aliyetuumiza zaidi si nailoni, ni polipropilini, plastiki ya kamba hizo, ila ukoo ni mmoja. Babu alikuwa akisema tu, "Wazungu wamepata kamba yao."

Kwa watafiti: wana maktaba ya vitabu adimu (weka miadi kwanza), mahojiano marefu na wanasayansi, na ufadhili wa kwenda kukaa pale kusoma. Watoto wadogo watachoka mapema, maana vitu vingi ni vya kutazama na kusoma.

Ile picha ya mguu nilimtumia mama kwa WhatsApp. Akajibu, "Na soksi yote hiyo nani anaifua?"