Blenda ya Insta, hela imerudi ila kwa mbinde

Nawapa nyota 2 kati ya 5, na hizo mbili ni kwa sababu hela yangu nimeiona. Tangazo lao lilisema wati 1000, jagi la kioo. Mzigo ukaja na basi toka Dar, nikaufungua palepale stendi ya Kange, Tanga, huku mdogo wangu anarekodi kwa simu, nakuta jagi la plastiki, nageuza kule chini naona stika ya 1000W imekaa upande upande, nikaikwangua na ukucha, chini yake ipo nyingine imeandikwa 350W 😂 yani hapo hata tui la wali hulipati.

Muuzaji mwanzo mtamu, "dada usijali", nilivyomtumia video akabadilika, oh mali ikishauzwa hairudishwi, oh chagua kitu kingine cha bei hiyohiyo. Mie sitaki kubadilishiwa, nataka hela! Bahati tangazo nilishaliskrinshoti kabla hajalifuta, na meseji ya muamala ninayo, nikamwekea vyote pamoja nikamwambia hivi navipeleka FCC (Tume ya Ushindani), maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa. Kimyaaa, halafu jioni hela yangu hiyooo ikaingia.

Nauli ya kurudisha mzigo alitaka nilipe mie, nikagoma, akaja kuuchukua dereva bodaboda wake. Hela ya kutolea hajanirudishia mpaka leo. Pakejing nzuri lakini, sio siri.