Audio-Technica AT-LP60XUSB: gramafoni ya kufufulia santuri za zilipendwa

Aliyerithi sanduku la santuri za muziki wa dansi au taarabu na hana cha kuzipigia, AT-LP60XUSB ni mashine nzuri ya kuanzia. Inapiga santuri za mizunguko 33⅓ na 45 kwa dakika, ina priampu (kikuza-sauti cha awali) ndani yake, na ina tundu la USB la kupeleka sauti kwenye kompyuta. Santuri za 78 haipigi, na hakuna ujanja wa kuilazimisha. Kama sanduku lako limejaa hizo, soma sehemu ya 78 huko chini kabla ya kutoa pesa.

Wapo watakaosema nyimbo zote ziko YouTube na Boomplay. Ziko baadhi, na nyingi ya hizo zimetolewa kwenye kanda zilizorudufiwa mara kadhaa, kasi imepanda au imeshuka, jina la mtunzi halipo. Kubwa zaidi, wimbo umekatwa nusu. Santuri nyingi za 45 za Afrika Mashariki ziligawa wimbo mmoja pande mbili: upande A una mashairi, upande B ndipo magitaa yanapochemka na tarumbeta kujibizana. Anayeujua wimbo kwa upande A peke yake bado hajausikia.

Kuna pia suala la upatikanaji. Bendi za Tanzania za miaka ya 1970 zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo zilichapwa Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, ukaja kufunguliwa 1983, njia hiyo ilibanwa. Ndiyo maana santuri safi ya bendi ya Dar ya kipindi hicho ni mali, na ndiyo maana inastahili sindano nzima, si ile iliyokaa miaka 30 kwenye redio-gramu ya sebuleni.

Toleo la LP60X lilianza kuuzwa mwaka 2019. Bei inategemea aina: ya kawaida, yenye Bluetooth, au yenye USB. Chukua ya USB. Bluetooth inakupa urahisi wa spika moja tu, wakati USB inakuwezesha kuhifadhi na kugawana. Mashine ina kilo 2.6 na sahani yake ni ya alumini. Mota inatumia umeme wa DC unaotoka kwenye adapta, kwa hiyo hata iliyonunuliwa Marekani, kwenye umeme wa 60 Hz, haibadili kasi ikifika kwetu kwenye 50 Hz. Angalia tu maandishi ya adapta: yakisema 100-240V, unahitaji kibadilisha plagi na si transfoma.

Kuifunga ni kazi ya dakika 10, na makosa hujirudia palepale. Sahani inakuja na mkanda wa mpira umezungushwa chini yake, una utepe mwekundu. Weka sahani kwenye mhimili, igeuze hadi tundu lake moja lifike juu ya puli ya mota, vuta utepe, zungushia mkanda kwenye puli, toa utepe. Kisha zungusha sahani kwa mkono mara kadhaa mkanda unyooke. Ukiusokota, sauti itayumba na utadhani santuri imepinda. Fungua waya unaoushikilia mkono (ule unaobeba sindano), toa kifuniko cha sindano, na mashine iwe mezani pasipotikisika, mbali na spika. Spika ikiwa kwenye meza hiyohiyo, besi inarudi kwenye sindano na unasikia mvumo.

Nyuma kuna swichi yenye PHONO na LINE, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Kama unaunganisha kwenye spika zenye ampu au kwenye tundu la AUX, weka LINE. Kama redio yako ya zamani ina tundu la PHONO, weka PHONO. Ukiweka LINE na kuchomeka kwenye PHONO, sauti inapasuka, kwa sababu imekuzwa mara mbili. Kinyume chake, sauti inakuwa hafifu na besi haisikiki kabisa.

Kabla ya kuamini kasi, ipime. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka 33, hesabu mizunguko 100: inatakiwa ichukue dakika 3 kamili. Kwa 45, mizunguko 135 katika muda huohuo. Fanya hivyo santuri ikiwa inapigwa na sindano iko chini, maana sindano nayo inavuta kidogo. Kasi ikizidi kwa asilimia 6, wimbo umepanda karibu nusu toni, na mpiga gitaa anayejifunza solo kwa kusikiliza atajikuta hapati sauti yoyote inayolingana na nyuzi zake.

Sindano ni ya ncha ya duara, namba ATN3600L, na inakandamiza kwa takriban gramu 3. Hakuna kizito cha kurekebisha. Wapenzi wa vyombo ghali hudharau sindano ya aina hii, na ni kweli kwamba haichoti kila kilichomo kwenye LP mpya, yaani santuri kubwa ya 33⅓: matoazi yanapoteza makali, hasa nyimbo za mwisho wa upande, karibu na lebo. Lakini kwa santuri zilizochezwa kwenye baa na harusi, ncha ya duara ina faida. Haichimbi kila mkwaruzo, na uzito wa gramu 3 unaibakiza kwenye mfereji pale sindano nyepesi ingeruka. Inadumu kati ya saa 300 na 500. Kwa LP za dakika 40, saa 400 ni LP 600. Nunua ya akiba pamoja na mashine, kwa kuwa bandia ni nyingi sokoni. Na santuri ikiruka, usiweke sarafu juu ya mkono. Unaongeza uzito, mfereji unalimwa, na hasara hiyo hairudi.

Udhaifu wa mashine unaonekana zaidi kwenye 45. Nyingi zina tundu kubwa la milimita 38, na adapta yake imo ndani ya boksi. Chagua pia ukubwa wa inchi 7 kwenye swichi, la sivyo mkono utashuka nje ya santuri, juu ya mkeka. Tatizo ni santuri ambazo tundu lake halikutobolewa katikati kabisa. Mkono unacheza kushoto na kulia, na sauti ya mwimbaji inapanda na kushuka kila mzunguko. Hapa tundu kubwa ni msaada: likiwa linapwaya kwenye adapta, isukume santuri kidogo upande mmoja, tazama mkono, rudia mpaka utulie. Jambo hili halina dawa kwenye tundu dogo.

Udhaifu wa pili ni kule kujiendesha kwake. Mwisho wa upande mkono unajiinua na kurudi, raha kwa LP. Ila watengenezaji wa 45 walijaza dakika nyingi kadiri walivyoweza, na mifereji ikasogea mpaka karibu na lebo. Kwenye santuri kama hizo mkono unaweza kuinuka kabla wimbo haujaisha, tena kwenye chemko lenyewe. Hakuna kitufe cha kuzima hilo. Mwenye mkusanyiko wa 45 tupu afikirie mashine isiyojiendesha, ambayo mkono wake unauweka na kuuinua mwenyewe.

Usafishaji nitausema kwa ufupi, ingawa unabadilisha sauti kuliko kifaa chochote utakachonunua. Lita moja ya maji yaliyotoneshwa (distilled), matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato, kitambaa laini cha nyuzinyuzi. Pangusa kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe si kukatiza, kisha suuza kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni. Lebo isilowe. Maji ya bomba yanaacha chumvi ndani ya mfereji. Ukinunua maji ya betri, hakikisha ni maji matupu na si tindikali. Santuri za pwani mara nyingi zina ukungu mweupe: zipanguse nje ya nyumba, umejifunika pua, na jalada lililooza usilirudishie santuri safi. Zihifadhi zikiwa zimesimama.

Sasa kurekodi. Chomeka USB, fungua Audacity (programu ya kurekodi na kuhariri sauti), na kwenye kifaa cha kurekodia chagua kile kinachojitambulisha kama USB Audio CODEC, chaneli 2, 44100 Hz. Baadhi ya kompyuta za Windows hudhani hiyo ni maikrofoni na kukuza sauti kupita kiasi, kwa hiyo shusha kiwango mpaka kilele cha sehemu kali ya wimbo kifike -6 dB. Sauti iliyogonga 0 imekatika na hakuna programu itakayoirudisha. Rekodi upande mzima bila kusimamisha, hifadhi hiyo ghafi, halafu fanya kazi kwenye nakala.

Santuri nyingi za miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 ni mono, yaani sauti ya chaneli moja. Sindano ya stereo inachota kelele za juu na chini ya mfereji ambazo si sehemu ya muziki. Changanya chaneli mbili kuwa moja kwenye Audacity na utasikia ile kelele ya kukaanga ikipungua papo hapo, bila kugusa muziki. Kama chaneli moja imechakaa zaidi, jaribu kutumia ile nyingine peke yake, kisha linganisha.

Kwa mikwaruzo, zana ya Repair inashughulikia sampuli 128 kwa mara moja, sawa na milisekunde 3 hivi. Inachosha, lakini ni safi. Click Removal ni ya haraka, tatizo lake ni kwamba inaweza kudhani mpigo wa manyanga ni mkwaruzo. Na Noise Reduction, tafadhali, itumike kidogo sana au isitumike. Ukiikaza, manyanga yanageuka mluzi wa majimaji, na fidla za taarabu zinapoteza ule mkwaruzo wa upinde unaozipa uhai. Kelele kidogo ya santuri sikio linaizoea baada ya nusu dakika. Muziki uliofutwa sikio halitaupata.

Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti bila kupoteza chochote. Dakika moja ya WAV ni takriban MB 10, FLAC inapunguza karibu nusu, na LP nzima inaingia kwenye MB 200 hadi 250. Kwa wimbo wenye sehemu mbili, tunza faili mbili za pande zake, kisha tengeneza la tatu ulilounganisha. Upande B mara nyingi unaanza kwa kurudia kipande cha mwisho wa A, kwa hiyo kata kwenye mpigo wa besi, si kwenye neno.

Kuhusu 78. Siti binti Saad na wenzake walirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya santuri ya HMV, na santuri za zama zile ni za lakiri, nzito na rahisi kuvunjika. Mfereji wake unahitaji ncha pana karibu mara 4 au 5 kuliko hii. Ukiipiga kwa sindano ya LP60X utaharibu sindano na utasikia kelele tupu. Inayofaa ni AT-LP120XUSB: ina kasi ya 78, uzito wa mkono unarekebishika, na kichwa chake cha familia ya VM95 kinapokea sindano ya VMN95SP iliyotengenezwa kwa 78. Ni ghali zaidi na inahitaji uvumilivu wa kuipanga. Santuri hizo zisiguswe na spiriti, kwa sababu pombe inayeyusha lakiri. Maji kidogo tu, na zikaushwe mara moja.

Ukishamaliza, watu watataka kusikia unachosikiliza. Kwenye kundi la WhatsApp tuma MP3 ya 320 kbps, MB 2.4 kwa dakika, na itume kama dokumenti ili jina la faili libaki. Jina libebe bendi, wimbo, sehemu ya 1 au ya 2, kampuni na namba ya santuri. Mwaka uandike pale tu unapochapishwa kwenye lebo au jalada. Picha ya lebo pande zote mbili iende pamoja na wimbo, kwa sababu hapo ndipo jina la mtunzi lilipo, na mara nyingi ni mtu tofauti na kiongozi wa bendi. Wimbo mmoja wa kuonjesha unatosha. LP nzima isiwekwe hadharani, maana warithi wa wanamuziki hao wana haki zao. Kama albamu imetolewa upya, mfano mikusanyiko ya Zanzibara ya Buda Musique ya Ufaransa, taja jina lake ili anayependa akanunue.

Na kabla ya kutuma, sikiliza faili lote mwanzo hadi mwisho kwenye spika nyingine, si zile ulizosikilizia wakati wa kurekodi. Mikatiko ya kompyuta iliyolala katikati ya kurekodi haionekani kwenye skrini, inasikika tu.